Kila Siku Tunaanza Mwanzo

Kawangware, Nairobi
9 Agosti 1973

Kwa dada yangu mpendwa Philister,

Pokea salamu nyingi kama mvua ya huko Maragoli. Mimi ni mzima, nanenepa tu. Natumaini Mama na watoto hawajambo, na lile goti lako limepoa.

Dada, katika Nairobi hii nzima hakuna mwenye bahati kama mdogo wako. Jumamosi ya wiki ijayo, kama nilivyokuandikia, nitasimama mbele ya okestra, suti nyeusi, fimbo mkononi. Kondakta, lakini si yule wa basi! Bi Alderton wa Karen, mwalimu wangu kwa miaka miwili, amezeeka na mkono unamtetemeka, basi amenikabidhi mimi. Nikifaulu, okestra na wanafunzi wake wote ni wangu. Noti za muziki wa Wazungu nazisoma kama wewe unavyosoma Zaburi.

Nimefunzwa mkono wa kulia upige mapigo, wa kushoto uwaite wapigaji, na macho yasitoroke. Nyumbani naweka santuri, naongoza sufuria na kabati, mke wangu Caren anacheka mpaka chai inamwagika. Mikono haina shida.

Shida ni wimbo mpya. Umetungwa juzi na rafiki wa Bi Alderton, na hauna santuri. Tangu niletewe yale makaratasi, chakula hakipiti. Fidla zikikosea, Bwana Nzomo, mkubwa wao, huniuliza turudie wapi. Mimi hukunja uso na kuamuru tuanze mwanzo. Wananiona mkali. Jumanne tulianza mwanzo mpaka mpiga tarumbeta akauliza kama wimbo huu una mwisho. Walicheka, nami nikacheka kuwashinda.

Jana Bi Alderton alikuja akakaa nyuma kabisa. Tulipomaliza aliniita, akafungua karatasi, akasema polepole, "Zadock, nionyeshe kwa kidole mahali filimbi zinaingia."

Nikamwambia nimesahau miwani nyumbani. Dada, wewe unajua sijapata kuwa na miwani. Nadhani hata yeye anajua. Akanijibu kwamba Ijumaa asubuhi niende kwake nayo. Tangu hapo nikisikia viatu mlangoni, naficha yale makaratasi.

Miaka miwili iliyopita, Bi Alderton alipokuja kanisani kwetu Dagoretti akanikuta naongoza kwaya, aliniuliza kama nasoma noti. Nikasema nasoma. Nilijua zile do-re-mi za herufi ulizotufundisha ubaoni, basi. Yale madoa meusi yanayoning'inia kwenye mistari, hapana. Kila wimbo nimeushika kwa sikio, kwenye piano yake na kwenye santuri, nikawa nafungua kurasa kwa kubahatisha.

Kesho naenda Karen nimwambie kwa mdomo wangu. Labda atanifundisha, labda atachukua fimbo yake. Naogopa kama mtoto. Wale wanakwaya wa nyumbani uliowaalika waje kunitazama, tafadhali wasipande basi kwanza.

Nisalimie Mama na majirani wote, lakini haya usimsomee Mama. Caren anakusalimu sana. Naye bado hajui.

Bahati niliyojisifu nayo haipo, dada. Nilidanganya. Sijui kusoma noti hata moja.

Ni mimi mdogo wako,
Zadock