Mama, Ziwa Lilikufuata Ilagala

Mama,

Leo sikuamkii. Nina hasira na wewe tangu masika, na nimechoka kuzunguka nazo sokoni Kibirizi huku wateja wakidhani nimewakasirikia wao. Juzi nimemfokea mama wa watu kwa sababu ameonja dagaa wangu watatu badala ya mmoja. Hasira zile zilikuwa zako.

Nianze na habari, maana wewe ungetaka habari kwanza hata kama nyumba inaungua. Ziwa lilifungwa. Ndiyo, lilifungwa kama duka. Serikali ilisema watu wasivue kwa miezi kadhaa ili samaki wazaliane, na wenzetu wa ng'ambo nao wakafunga upande wao. Ungekuwepo ungebishana na redio mpaka betri ziishe. Nakusikia kabisa: "Samaki azae kwa amri ya nani?" Basi, tukakaa. Wenzangu waliuza mihogo, mimi nikauza maandazi ambayo hata wanangu hawakuyataka. Ziwa lilipofunguliwa dagaa walikuja wengi, tukashangilia, halafu wakapungua tena. Kwa hiyo wakubwa hawakukosea kabisa, na wewe usingekuwa umekosea kabisa, na hilo nalo linaniudhi, kwa sababu ungeshikilia nusu yako tu na kuitangaza soko zima.

Mtaalamu mmoja alieleza redioni kwamba maji ya juu ya ziwa yamezidi kupata joto, hayachanganyiki na ya chini kama zamani, na chakula cha samaki kinabaki kule chini. Nilimwelewa vizuri sana. Ni kama uji usiokorogwa: sukari iko chini ya kikombe na wewe unalalamika hauna ladha. Nikageuka nikuambie. Niligeuka kweli, Mama, na mwiko mkononi, kuelekea kile kigoda chako cha pembeni ya jiko. Siku hiyo sikula.

Sasa tuje kwenye lililonikalisha chini niandike.

Ziwa limepanda. Lilianza ukiwa hai na halikuacha ulipokufa. Mchanga wetu wa kuanikia Kibirizi uko chini ya maji; pale ulipokuwa unanifukuza nisikanyage dagaa, leo wanafunga mitumbwi. Tunaanika kwenye vichanja huku nyuma karibu na barabara, malori yakipita tunafunika na chandarua. Nyumba za mstari wa mbele zimebaki kuta. Ilagala kwenu ndiyo usiseme, maana kule ziwa linatoka mbele na mto Malagarasi unatoka ubavuni.

Na wewe ulijua. Hicho ndicho kinachoniuma. Kila msiba, kila harusi, ulisimulia jinsi ulipokuwa msichana Ilagala maji yakaingia mpaka kwenye mihogo ya Bibi, mkahamia kwa watu, miaka ikapita, maji yakarudi yenyewe na kuacha uwanja mzuri wa mchanga. Si wewe peke yako, wazee wote wa kule wanaisimulia hivyo hivyo. Na wote mkaenda kujenga kwenye uwanja ule ule, mkaanika dagaa pale pale na kuzika pale pale, kwa sababu ni tambarare na udongo wake haumchoshi mchimbaji. Mliona ziwa likija, mkaliona likirudi, mkabeba kule kurudi tu. Sijapata kuona watu wenye kumbukumbu nzuri namna hiyo wakaitumia vibaya namna hiyo.

Unamkumbuka yule kijana aliyekuja kwenye mkutano wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na karatasi zake za kubandika ukutani? Alieleza kwa adabu kabisa: mito mingi inaingiza maji ziwani, unaoyatoa ni mmoja tu, uko Kongo, nao unazibwa na matope na majani. Mvua ikizidi, ziwa linajaa kama beseni lenye tundu dogo. Ukasimama, ukafunga kanga vizuri, ukamuuliza, "Mwanangu, ulizaliwa lini?" Mwalo mzima ukacheka, kijana akakunja karatasi zake. Alikuwa sahihi, Mama. Kila alichosema kimetokea, na sijui hata jina lake nimtafute nimwambie.

Ulikuwa hivyo na kila mtu wa kupima. Watu wa hali ya hewa wakitangaza mvua, wewe unaanika zaidi, makusudi, uwaonyeshe. Nakumbuka ile siku mvua ilipotukuta na mzigo wote mchangani. Tulikusanya kwa mabeseni, kwa kanga, kwa mikono, wapi. Dagaa wakachacha, tukawauza kwa wafuga kuku. Njia nzima ya kurudi nyumbani Buzebazeba ulisema ni mimi niliyeiomba mvua. Nilicheka mpaka nikakaa chini barabarani, nawe ukacheka, kisha ukanikumbusha kwamba bado umenikasirikia. Nakumbuka vitu kama hivyo na hasira inanitoka mkononi, halafu nakumbuka kitanda chako cha mwisho na inarudi.

Maana ulinishika mkono ukasema, "Skola, usinizike mlimani kwa watu nisiowajua. Nipeleke kwa mama." Nikakuambia ziwa linapanda, Mama. Ukasema litarudi. Ulikuwa huna nguvu ya kunywa maji, lakini ya kubisha ulikuwa nayo. Nikakupeleka Ilagala. Tulikuzika ubavuni pa Bibi, na siku ile maji yalikuwa mbali, katikati kuna mbuzi wanakula majani. Nikakujengea zege, nikaweka msalaba, nikaona nimetimiza.

Masika haya Mjomba Filbert alinipigia simu kusema maji yamefika makaburini. Aliyasema hayo kama mtu anayesema mgeni amefika. Nikamwambia tukuhamishe kabla mvua hazijarudi tena. Akajibu neno moja tu la Kiha, "Leka." Yaani, acha. Nilikwenda mwenyewe. Nikamkuta amekaa na wazee wenzake, wote wamekubaliana: marehemu alisema pale, marehemu hahamishwi, ziwa litarudi. Nikamwuliza litarudi likute nini. Akaniambia mimi nina maneno kama mama yangu. Lilikuwa tusi, Mama, na nikalipokea vibaya, na mpaka leo nalibeba.

Padri alisema hana kizuizi. Kibali nikakihangaikia mwenyewe, ofisi hii mpaka ile, mpaka bwana afya akakubali kuja. Siku ya kuchimba Mjomba hakufika. Alituma watoto wake waje kutazama, ili asikose habari.

Wachimbaji walikuwa wawili. Mkubwa wao anaitwa Nestori, wazazi wake walitoka Burundi zamani na mkono wake unajua udongo. Ilibidi wavunje lile zege langu. Nilikaa mbali kidogo kwenye mzizi wa mwembe nikisikiliza nyundo. Wapo walioniambia nisitazame na sikutazama, ila niseme ukweli, walipokutoa nilisimama. Ulikuwa mwepesi. Watu wawili walikubeba bila kupumzika, wewe uliyekuwa ukipanda pikipiki dereva anaomba uvuke kilima kwa miguu.

Nikawaambia sasa Bibi. Kaburi lake lilikuwa hatua chache tu chini yako, na alama ilikuwa mawe, na mawe yalikuwa ndani ya maji. Nestori aliingia mpaka magotini. Akichota, panajaa, akichimba, mchanga unaanguka ndani. Walijaribu mpaka jua likaelekea Kongo. Mwisho akatoka, akanawa mikono, akaja mpaka nilipokuwa. "Mama, huyu ameshakuwa wa ziwa," akaniambia. Bwana afya alikuwa anatazama saa. Gari la kukodi lilikuwa linaunguruma. Na mimi ndiye niliyetakiwa kusema twende, na nikasema twende.

Basi ujue hivyo. Nimekutoa kwa mama yako. Upo mlimani, huku huku kwetu Buzebazeba, kwa watu usiowajua. Kulia kwako kuna mwalimu mstaafu, kushoto kuna kitoto cha jirani zetu wapya. Huwezi kusikia maji hata upepo ukivuma. Ni kitu kile kile ulichonikataza ukiwa umenishika mkono, nami nimekifanya mchana kweupe, mbele ya padri.

Unajua kilichoniudhi zaidi ya maji, zaidi ya Mjomba? Ni kwamba ulipoulizwa unataka kulala wapi, hukunitaja. Nilikuosha, nilikulisha, nilibebana na wewe kwenda chooni miezi yote ile, na mwisho ukaniomba nikupeleke kwa mama. Kwenda Ilagala ni safari. Nilikuwa nakuja Pasaka na siku ya marehemu wote, nalia haraka haraka nisikose gari. Sasa nakuja Jumapili baada ya misa, nimevaa kandambili. Nang'oa majani, nakusema, narudi nyumbani kupika. Sijawahi kukusema kwa raha namna hii.

Wiki iliyopita Mjomba amepiga tena, kwa sauti tamu. Maji yanashuka, anasema. Kidogo kidogo, lakini yanashuka. Mstari wa tope unaonekana kwenye miti. "Si dada alisema?" Alingoja nijibu. Nilimwambia hongera.

Kwa hiyo yawezekana ulikuwa sahihi. Ziwa linaweza kurudi lilikotoka, uwanja ukatokea, mbuzi wakarudi, na watu wa Ilagala wataanza kujenga pale pale wakisimulia jinsi maji yalivyokuja siku ile. Nakuapia, Mama, hata likirudi nyuma mpaka mtu avuke kwenda Kongo kwa miguu, sikurudishi. Kibali kingine siombi. Kama una kesi, ngoja tuonane.

Kwa Bibi nitakwenda mimi kwa niaba yako. Kiangazi kikikolea nitaingia majini mpaka pale yalipokuwa mawe yake, nimwambie nani amekuchukua na kwa nini. Akinikasirikia nitavumilia, nimezoea wanawake wa ukoo huu.

Lala, Mama. Sijakusamehe bado. Watoto nimeshawaweka chini nikawaambia siku yangu ikifika wasihangaike na mashauri ya wazee, wasiulize mtaalamu wala redio. Hapo kati yako na yule mwalimu pamebaki nafasi ya mtu mmoja, nami nimeshamwambia mlinzi wa makaburi asimpe mtu mwingine.

Ni mimi,
Skolastika wako