Mkono wa Milembe Umefika Sikioni

Shinyanga mjini, Jumatano, Novemba 1983

Mvua imetudanganya tena. Mawingu yamekuja, yamenguruma juu ya mabati, yakaondoka zao kuelekea Tabora. Mimi lakini nimetulia. Kinachouma ni miguu tu, kwa kusimama mahakamani tangu asubuhi.

Nimeshinda kesi.

Naandika kabla sijapika, maana nikitoka kwenda kuwasha jiko majirani watataka habari, na kila nikisimulia itaongezeka chumvi. Hapa niiweke ilivyokuwa.

Baba Milembe alikuja kutoka machimbo ya Nyarugusu kumdai mtoto. Tuliachana mwaka juzi kwa taratibu zote. Baraza la Usuluhishi lilitukalisha, likashindwa kutupatanisha, likatuandikia hati, na Mahakama ya Mwanzo ikavunja ndoa. Hakimu akaamuru Milembe abaki kwangu kwa kuwa hajafikisha miaka saba, na baba yake alete matunzo kila mwezi.

Akaleta kwa muda, kisha kimya. Nikiulizia naambiwa duara halijatema. Duara ndilo shimo lao la dhahabu, na likitema ndiyo limetoa mali. Shimo la bwana huyu lina tabia yake. Kwenye pombe linatema, kwenye redio ya kaseti linatema, likisikia viatu vya mtoto linafunga mdomo.

Nikamshtaki. Naye akajibu kwa dai lake, kwamba mtoto ametimiza saba, kwa hiyo sasa ni wake. Alidhani akimchukua mtoto na matunzo yamekufa. Wala asingekaa naye huko machimboni. Angempeleka kwa bibi yake kule Didia, akachote maji na kuchunga mbuzi.

Shida yangu ni moja: Milembe hana cheti cha kuzaliwa. Nilijifungulia nyumbani, shangazi ndiye mkunga, na hakuna aliyewaza karatasi. Nikajua watampima kwa mkono, kama wanavyopimwa watoto wa kuandikishwa darasa la kwanza. Mkono wa kulia upite juu ya kichwa, vidole vikigusa sikio la kushoto basi ni saba. Visipogusa, rudi nyumbani ukale ugali.

Na Milembe wangu anagusa. Tangu watu wanachuma pamba anagusa. Hakuna mgeni anayepita pale ninaposhonea asiyeonyeshwa, awe ameomba au hajaomba.

Ninashonea kwenye baraza la duka la Bi Zuhura, muuza kanga. Bi Zuhura ameachika mara tatu, na wanawake wa mtaa huu hawaendi kwa karani kabla hawajapita kwake. Wanamwuliza kama talaka ya mdomo inatosha, kama ng'ombe wa mahari lazima warudi wote, kama mwanamke aliyeachika ana chochote katika nyumba aliyosaidia kuijenga. Jana nikamwuliza la kwangu. Akaniambia nimfundishe mtoto akunje kiwiko kidogo tu. Mkono uliokunjwa haufiki, na mtoto asiyefika hana saba.

Nilikaa na neno hilo jioni nzima. Nikaona chumba bila Milembe, mkeka wake umekunjwa pembeni. Lakini ningemwambia nini? Kwamba leo mkono usifike, halafu Januari kwa mwalimu ufike? Mtoto amengoja shule hadi anaiota, nami ndiye nimkate mkono?

Sikumfundisha.

Leo Baba Milembe amekuja na suruali ya bugaluu iliyopigwa pasi. Tumesalimiana vizuri tu. Alipopewa nafasi hakusema mengi. Alimwita binti yake mbele kwa ile sauti laini ambayo hata mimi ilinipata, zamani hizo.

"Milembe, ng'wana wane, mwanangu, hebu shika sikio."

Milembe akashika, akalivuta kabisa, akatugeukia wote tuone. Watu wakacheka. Wazee wawili wanaokaa na hakimu kama washauri wakatikisa vichwa kwa kuridhika, mmoja akaongeza kwamba mahari ilitolewa yote, kwa hiyo mtoto ni wa ukoo wa baba. Hakimu akaniuliza kama nina pingamizi.

Nikasogea mbele. Mdomo, namshukuru Mungu, ninao.

"Sina pingamizi, mheshimiwa. Mtoto ana miaka saba. Basi Januari anaingia shule, na matunzo ya mwanafunzi si ya mtoto wa kucheza uani. Naomba baba yake aulizwe amemwandikisha shule gani."

Baba Milembe akatazama dari. Akasema bibi yake ataangalia. Hakimu akataka kujua bibi ataangalia nini.

Ndipo hakimu akatueleza, polepole, hadi wazee wakaelewa. Ng'ombe walitolewa kwa ajili ya ndoa, hawakumnunua mtoto. Na miaka saba si kengele ya kumtoa mtoto kwa mama. Akiwa chini ya hapo sheria inaanza kwa kumwelekea mama. Akipita hapo inatazama mahali atakapokuwa salama na kulelewa vizuri, na yeye mwenyewe anaweza kuulizwa. Akamwuliza Milembe anataka kukaa na nani.

Nilijua atanitaja mimi, mayu wake.

"Nataka shule," akasema Milembe.

Hakimu akarudia swali. Naye akarudia jibu, kwa sauti ya juu zaidi, akidhani mzee hasikii vizuri. Iliniuma kidogo, nakiri. Halafu nikaona fahari imenijaa.

Ameamuru abaki kwangu na aandikishwe hapa mjini. Baba yake atamwona likizo zote. Matunzo yameongezwa na ya nyuma yalipwe, la sivyo ile redio itakamatwa.

Tulipokuwa tunarudi Milembe akaniuliza kama baba amefurahi jinsi alivyoshika sikio.

Nilikuwa na majibu tele, yote ya pilipili. Nikayameza. Nikamwambia amefurahi sana.

Wala si uongo. Nilikuwa namtazama yeye, si mtoto. Mkono ulipokuwa unapita juu ya kichwa alisahau kesi, akatabasamu kama mzazi yeyote. Baadaye ndipo akakumbuka kilichomleta.

Kesho alfajiri nitapanga foleni ya kitambaa cha bluu, nikipata nikate sketi ya shule. Upindo nitauacha mpana. Mtoto huyu anakua, na hamngojei mtu, awe mimi au baba yake.