Mazoea Mbele ya Maprofesa

Mwenzangu, uko? Nimefanya jambo, sijui nicheke au nilie.

Leo mjukuu wangu alikuwa anatetea kitabu chake cha chuo mbele ya maprofesa watatu. Miaka minne anaandika! Mimi nikakaa nyuma kabisa, mkoba mapajani.

Akaeleza kwa nini jiwe ukiliachia huanguka. Wengine wanasema kanuni ya kuanguka ilikuwepo tangu mwanzo, yeye anakataa. Ati ulimwengu ulianza bila kanuni yoyote, mambo yakajirudia na kujirudia mpaka yakashika njia moja, ndiyo ikawa kanuni.

Hapo maneno yakaniponyoka, kama niko jikoni kwangu: "Si ndiyo hayo, mazoea ni kama sheria!"

Ukumbi mzima ukageuka. Mzima, mwenzangu!

Profesa mkuu akavua miwani. "Bibi, hayo umeyasoma wapi?"

"Kusoma wapi, baba? Mimi niliishia darasa la tatu. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akiniambia, nikichelewa kuamka."

Akamgeukia mjukuu. "Hapa tunataka jambo jipya. Hili la kwako hata mama mkwe wa bibi yako alilijua."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini nayo haina mazoea hayo.

Hawakumfelisha. Wamempa miezi mitatu aongeze sura nzima, aonyeshe tofauti kati ya nadharia yake na methali yangu.

Tumerudi nyumbani. Sasa ameketi mbele yangu, kalamu mkononi: "Haya bibi, tofauti ni ipi?"

Nimeitafuta tangu mchana, mwenzangu. Siioni.