Kiti cha Nasra Kimelala Kwenye Buti

Jumamosi, Nachingwea. Jua limetoka na hasira, upepo unaleta vumbi mpaka ndani ya kikombe cha chai, na mikorosho ya jirani imeanza kutoa maua.

Mimi ni mtu mwenye bahati. Naandika hivyo kwanza ili anayepita hapa asome aone wivu. Nimefika Lubumbashi nikiwa utingo wa malori, nimekula samaki Pemba ya Msumbiji, nimelala Tunduma juu ya magunia ya simenti, na sijawahi kurudi nyumbani na bandeji. Jumapili iliyopita, njiani kwenda Mbekenyera, kundi la ng'ombe lilikatiza mbele ya gari langu. Dereva mwingine angewafagia. Mimi nina macho ya mwewe, niliwaona mapema, nikakanyaga breki, na hakuna ng'ombe aliyeguswa hata mkia. Kijiweni wameanza kuniita Bahati.

Ila nyumba imenyamaza.

Mke wangu Zuhura amebaki kwa mama yake, Mbekenyera, na binti yetu Nasra wa miezi mitano. Nasra amevunjika mtulinga, ule mfupa mwembamba wa chini ya shingo. Alivunjika kwenye breki hiyo hiyo ninayojisifia. Zuhura amesema hapandi tena gari langu, wala mtoto hapandi. Kiti cha Nasra cha kumfungia ndani ya gari, kiti cha maana kuliko vyote vilivyowahi kuingia wilaya hii, kimelala kwenye buti pamoja na jeki na tairi la akiba.

Ngoja nieleze kiti kilivyopatikana, maana hapo angalau nilijitahidi.

Nilianza kwa kukosea, lakini kwa mbwembwe. Nina rafiki Kariakoo, tulikuwa wote kwenye malori. Akanitumia picha, nikachagua kiti cheusi kinachong'aa, kina mahali pa kuweka chupa kila upande, kama kiti cha mkurugenzi. Basi likakileta. Zuhura akamkalisha Nasra, na Nasra akajikunja katikati kama gunia lisilojaa.

"Hiki ni cha mtoto anayekwenda shule," Zuhura akasema.

"Atakua, atakikuta."

"Atakikuta na shingo ipi, baba Nasra?"

Kikarudi. Cha pili kilikuwa kizuri kwa juu, ila Zuhura alikigeuza akaona plastiki ya chini ina ufa mweupe uliofunikwa na stika. Alisema kiti kilichokwisha kupata ajali hakiaminiki tena. Nilibisha, nikashindwa. Cha tatu kilikuwa cha kijivu, kibaya, sura ya beseni la kufulia. Lakini kilikuwa cha mtoto mchanga, cha kulaza kidogo, cha kumgeuza uso atazame nyuma ya gari, na mikanda yake yote mizima. Hicho ndicho.

Kukifunga kulituchukua asubuhi nzima. Mikanda ya siti ya nyuma ilikuwa imezama chini ya makava tangu gari linunuliwe. Niliingiza mkono nikatoa maganda ya korosho, msumari, kifuniko cha soda na heleni moja ambayo, namshukuru Mungu, Zuhura aliitambua kuwa ni yake. Mwisho nikaipata ile sehemu ya kuchomekea. Zuhura ni fundi cherehani, na alinisimamia kama mteja mkorofi. Alinipigisha goti juu ya kiti nikikandamize, yeye akapitisha mkanda wa gari kwenye tundu zake na kuuvuta mpaka mishipa ikamtoka. Kisha akashika kiti pale chini na kukitikisa. Gari zima litikisike, alisema, kiti kisitikisike. Mikanda ya mabega alimpima Nasra kama anampima bibi harusi, kidole kimoja kipite, cha pili kikwame. Blanketi juu ya mikanda, siyo chini yake.

Jirani yangu mzee Bakari alikuja kuchungulia. "Sasa wewe, mtoto umemgeuzia mgongo barabara. Atajuaje anakokwenda?"

"Mzee, mimi naangalia mbele miaka yote na bado sijui ninakokwenda."

Alicheka mpaka akakaa chini. Hivyo ndivyo nilivyo. Nilizunguka mjini na kile kiti kuliko nilivyokuwa na safari. Sheli nilifungua mlango wa nyuma ili yule dada wa pampu aone. Nilikuwa baba wa kisasa.

Kisha ikaja harusi ya Naipingo.

Mama mkwe alikuja na wadogo zake wawili. Harusi ilipoisha niliahidi, mbele ya watu, kuwarudisha wote Mbekenyera kwa gari. Kwa kuwa wasomaji wengine ni wa mbali, nieleze: wadogo wa mama mkwe nao ni mama wakwe zangu. Kwetu mkwe haketi bega kwa bega na mama mkwe wake. Unamwamkia umechuchumaa, unapita mbali, na yeye akiwa na neno nawe humwambia mkeo, hata kama umesimama hapo hapo. Kwa hiyo siti ya mbele ilikuwa ya Zuhura peke yake. Nyuma, kukiwa na kiti cha Nasra, waliingia wanawake wawili. Wa tatu alibaki nje na mkoba wake na kuku.

Zuhura akasema, "Mama mdogo akae mbele. Mimi nitakaa nyuma na mtoto."

Mama mdogo akarudi hatua. "Nikae na mkwe, magoti yagusane kwenye gia? Wanicheke mpaka Ruangwa?"

Mama mkwe, akitazama mti, akasema, "Mama Nasra, mwambie mumeo sisi tunaweza kutafuta bodaboda."

Zuhura alinitazama. Ningeweza kufanya safari mbili. Ningeweza kumkodia mmoja bodaboda kweli, na wala asingekasirika. Lakini nilikuwa nimeahidi mbele ya watu, na watu wenyewe walikuwa bado wamesimama pale na sahani zao za pilau. Nikafungua mkanda, nikang'oa kiti, nikakitupa kwenye buti.

"Leo Nasra hana haja na plastiki," nikasema kwa sauti. "Ana mapaja ya bibi zake watatu, yote ya sponji."

Watu walicheka. Zuhura hakucheka. Akamkabidhi mtoto kwa mama yake, akaketi mbele, akafunga mkanda wake.

Tulishapita Ruangwa mjini. Ng'ombe walitokea upande wa kushoto, kwenye mashamba ya ufuta yaliyokwisha kuvunwa. Breki ililia. Nasra akachomoka mapajani kwa bibi yake, akagonga mgongo wa siti ya Zuhura, akaanguka chini kwenye miguu ya watu, juu ya kuku. Kuku ndiye aliyelia kwanza.

Sitaandika sana hapo.

Mwenye ng'ombe ni mtu wa makamo, mmoja wa wale waliohamia na mifugo kutoka Kanda ya Ziwa. Alikuja mbio, akatufungulia mlango, akamwaga maji ya kibuyu chake mikononi mwa mama mkwe. Watu wa kijiji walijaa. Wakaanza kumzonga, maana wana hasira na ng'ombe wanaoingia mashambani. Yeye alinitazama mimi tu. "Kaka, nilikupungia fimbo. Nimekupungia tangu kwenye kile kichuguu."

"Ulikuwa unapunga nini, nzi?" nikamjibu.

Wakacheka tena. Hata siku ile, mtoto wangu analia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, mimi nilichekesha watu.

Hospitali daktari alimfunga mkono kifuani kwa bandeji, akasema mifupa ya watoto huunga haraka, tumshukuru Mungu kichwa hakikuguswa. Akauliza mtoto alikuwa amekaa wapi. Mimi nikakohoa. Mama mkwe akasema, "Nilimshika mimi. Mikono yangu imezeeka." Na mimi nikamwacha aseme.

Barazani kwao, jioni hiyo, wanawake walirudia maneno yale yale. Mikono imezeeka. Mwingine akasema siku hizi bibi anadondosha hata vikombe. Nilikuwa nimekaa mbali, kwenye kigogo cha wakwe, nimeinamisha kichwa kwa adabu. Adabu ni kitu kizuri sana, mtu unaweza kujificha ndani yake usionekane.

Zuhura alinisindikiza mpaka kwenye gari nilipoondoka. Alisema hakasiriki kwa ajili ya kiti, au anakasirika kidogo tu. "Mama alikuwa na mikono yake tu, na alishika kwa nguvu zake zote. Wewe unajua kilichotokea, na mimi nilikuwa pembeni yako. Sitasema mimi. Utasema wewe."

Jana kaka yake, shemeji Issa, alinipigia simu. Kwao mjomba wa mtoto ndiye mwenye sauti juu ya mtoto, na Issa hapayuki. "Shemeji, mtoto anaendelea vizuri. Ila mama hambebi tena. Akiletewa anakaza mikono kwapani, anasema atamuua mjukuu. Nasra anamlilia, yeye anaingia ndani. Sasa sijui nyumba hii tuifanyeje." Kisha akaongeza: "Dada hasemi kitu. Naona kama anakungoja wewe."

Nilimwambia nina kazi nyingi dukani. Duka langu ni la spea za bodaboda, na wiki hii nimeuza taa moja na plagi.

Leo asubuhi nimekitoa kile kiti nikajaribu kukifunga tena peke yangu. Nimepiga goti, nimevuta, kimekaa upande. Bila mtu wa pili kuvuta mkanda hakikazi. Nikakirudisha kwenye buti, nikakaa siti ya nyuma, pale pale alipokuwa mama mkwe. Kutoka hapo unaona vizuri sana dereva anafanya nini na mikono yake. Sijui kama aliona. Kama aliona, alinihifadhi, na mimi nikamlipa kwa kuinamisha kichwa.

Kesho nakwenda Mbekenyera. Kwanza nitamtafuta yule mwenye ng'ombe, anieleze mbele ya watu wale wale alichoniambia siku ile, na safari hii nimjibu vizuri. Kisha nitamwomba Issa aketi kati yangu na mama yake, niseme, yeye apeleke neno, na mama asikie kwamba mikono yake haina kosa. Zuhura akikataa kupanda, nitarudi peke yangu, na nitakwenda tena.

Na ile bahati niliyoanza nayo hapo juu si ya kweli. Sikuwaona ng'ombe. Nilikuwa na usukani kwenye mkono mmoja na simu kwenye mwingine, najirekodi video nikicheka, nionyeshe watu mtu anavyosafiri na mama wakwe watatu. Zuhura ndiye aliyepiga kelele. Niliposikia ndipo nikatazama barabara.