Kona ya Mikokoteni

Jumatatu, 3 Machi
Mjini tena, kwa miguu kutoka kwetu Kianda, mtaa wa mabanda. Kazi ni ileile: kuandika kila kinachosimama kando ya barabara, na kumuuliza mwenyewe ametoka wapi na amebeba nini. Wakubwa wa jiji wanataka kujua kwa nini katikati ya jiji hakupitiki. Ningewaambia bure.

Leo nimehamishiwa kona ya mikokoteni, pamoja na Brian. Brian anadhani naishi Lang'ata, kwenye nyumba za mageti. Mimi ndiye niliyemwambia. Na kona hiyo ndipo Baba husubiri mizigo na mkokoteni wake, tangu nikiwa darasa la kwanza. Leo sijamwona. Naomba kesho apate mzigo wa mbali.

Jumanne, 4 Machi
Hakupata.

Alikuja na magunia ya viazi, shati limelowa mgongoni. Aliniona, akataka kusema kitu. Nikainamia karatasi. Brian alikuwa ubavuni mwangu. Nikamuuliza baba yangu mzazi anatoka wapi, kama ninavyowauliza wengine.

"Kianda, madam," akasema.

Nyumbani huniita mwaitu, yaani mama yangu kwa Kikamba, kwa kuwa nina jina la mama yake. Leo madam. Alipopita, Brian akasema hawa wazee wananuka. Nikacheka. Nilicheka kweli.

Jumatano, 5 Machi
Jana jioni tulikula ugali. Baba alimsimulia Mama jinsi nilivyopendeza na jaketi langu la kung'aa. Hakuongeza lingine. Afadhali angenitukana.

Leo hakuja konani.

Alhamisi, 6 Machi
Hakuja tena, wala wenzake. Mmoja wao alipita na kabeji, nikamuuliza. Mzee amehamia mtaa wa chini, ambako mizigo hupandishwa kilima. Yeye ndiye huwagawia zamu, kwa hiyo wamemfuata. Kule tayari kuna wasukumaji wengine, na wageni hupewa mizigo ya mwisho. Mzee hakuwaambia sababu.

Sababu ni mimi. Amenipisha.

Msimamizi wetu amefurahi. Anasema kona iko tupu, mikokoteni haiihitaji, atapendekeza iwe maegesho ya magari. Hesabu inafungwa kesho. Nilinyamaza. Najichukia.

Ijumaa, 7 Machi
Saa ya chai nikashuka kule, na jaketi langu. Baba alikuwa amekaa juu ya mkokoteni mtupu.

"Baba, rudi kona."

Akauliza kama kazi yangu imeisha. Nikasema bado. Nikamweleza kona inaenda kupewa magari. Alitazama kilima, kisha akashika mikono ya mkokoteni. Nikasukuma kwa nyuma. Wenzake wakatufuata.

Brian na msimamizi walikuwa pale pale. Nikawaambia huyu ni baba yangu, naishi naye Kianda, na kona ilikuwa tupu kwa sababu nilimkana. Brian akatazama simu yake. Msimamizi akasema ataona, basi.

Mzigo wa kwanza ulipopatikana, nilisaidia kuupakia.

"Shika hapo chini, mwaitu," Baba akasema. "Hivyo utaumia mgongo."

Jumapili, 9 Machi
Kanisani tumeketi benchi moja. Sijui kona itaamuliwaje. Nilidhani nikishasema aibu itaondoka. Haijaondoka.

Mama ameona malengelenge mikononi mwangu, akauliza hiyo ni ofisi gani. Baba amenisogezea chai, akaendelea kula.