Tangi Jipya la Pikipiki Yetu

Mwakiro, Jumatano usiku

Wamelibadilisha! Bado siamini.

Wiki nzima nilikuwa nikitazama yale malengelenge ya rangi kwenye tangi la pikipiki yetu mpya, na moyo unaniuma. Katika kambi ya wakimbizi Tanzania, tangu utotoni, kila nilichovaa kilikuwa cha msaada, kimeshavaliwa na mtu mwingine. Hiki ndicho kitu chetu cha kwanza kipya. Mume wangu Zakaria alisema tubandike stika, yaishe. Nikakataa.

Leo tumerudi nayo Gitega, dukani tulikoinunua. Muuzaji hata hakuinama kuangalia.

"Mama, hiyo iko kosa yenu. Mulimwangia esansi juu."

Eti tumelimwagia petroli! Lakini pembeni palikuwa na pikipiki nyingine kama yetu, bado imefungwa nailoni. Nikamwomba aifungue.

"Ya nini?"

"Fungua tu, kaka."

Akavuta nailoni. Malengelenge yaleyale, mahali palepale! Akamwita fundi wake. "Lete tangi ingine ku depo, umubadilishie huyu mama. Bon, iko kosa ya kiwanda."

Fundi alipolitoa ghalani na kulifunga, Zakaria alicheka mpaka akaketi chini.

Tulipofika nyumbani jioni, mama mkwe alitoka, akalipangusa tangi vumbi kwa kitenge chake, taratibu, kama anampangusa mtoto uso.

"Na hili mmepewa na nani?" akauliza.

"Hatukupewa, mama," nikamwambia. "Ni letu."