Benita Hataingia Chumba cha Kuchomea

Salamabila, Kabambare
Tarehe 14 Agosti 2024

Mpendwa Mjomba Clovis,

Mama alitufundisha kwamba mjomba husalimiwa kabla ya jambo lolote, hata siku umemkasirikia. Kwa hiyo nakusalimu kikamilifu. Hujambo wewe, mke wako Laura hajambo, watoto hawajambo, baridi ya Bukavu haijawasumbua? Mimi ni mzima kwa kiasi. Nasema kwa kiasi kwa sababu tangu Pasaka nina ladha ya chuma mdomoni, na nikipiga mswaki fizi zinatoka damu. Nitakueleza inatokana na nini, ingawa nafikiri utakuwa umejua kabla sijafika huko.

Sikukupigia simu. Hapa mtandao unapatikana mahali pamoja tu, kwenye kilima karibu na wauza petroli, na kila anayezungumza pale anasikilizwa na wote. Tena wewe ukiona namba yangu unakata. Barua hii ataileta Marie-Thérèse, yule mama wa vitenge, mkononi mwake. Nimemwomba asitoke kwako mpaka ameona umeifungua.

Jambo lenyewe ni mdogo wangu Benita. Ulimpigia simu mara tu alipopata diploma yake, bila kumwuliza mama, ambaye ni dada yako mkubwa. Ulimwambia kwamba rafiki yako Papa Iliasi anahitaji mtu aliyesoma kemia, na kwamba atafanya kazi ya maabara. Mtoto akaamini. Ulikuwa mwalimu wa kemia wa nusu ya Kasongo. Nani angekosa kukuamini?

Basi nianze na kemia yako, maana mimi pia niliisoma kwako, miaka miwili, kwenye benchi la pili.

Unakumbuka jinsi tulivyofanya majaribio. Hatukuwa na chupa, hatukuwa na moto, tulikuwa na ubao na chaki zako za rangi. Ulichora chupa, ukachora mrija, ukachora moto kwa chaki nyekundu. Halafu ulitusomea na sisi tukaandika: vifaa, utendaji, na mwisho "tumeona". Tumeona moshi wa rangi ya kahawia. Tumeona unga mweupe chini ya chupa. Hatukuwa tumeona kitu. Siku ya mtihani aliyeandika vizuri zaidi kitu ambacho hakukiona ndiye aliyepata alama nyingi, na mara nyingi nilikuwa mimi.

Sikulaumu kwa kukosa vifaa. Shule ilikuwa maskini na wewe ulikuwa hulipwi vizuri, sote tulijua. Hata nakubali kwamba siku moja ulikuwa mwalimu kweli. Ni siku ile ulipokuja na maua mekundu ya ngaingai yaliyochemshwa, ndimu na majivu ya jikoni kwako. Ulipotia maji ya majivu, ule wekundu ukageuka kijani mbele ya macho yetu, na darasa zima likasimama. Siku hiyo tuliandika "tumeona" na ilikuwa kweli. Nilitaka kuwa kama wewe kwa muda mrefu baada ya hapo. Ndiyo maana hasira yangu leo ni kubwa hivi.

Sasa nakukumbusha somo la zebaki. Kwanza ulichora asidi ikiwa juu ya shaba, ukalaza chaki ya kahawia ubavuni, ukasugua wingu zito, na kutuambia moshi huu ni sumu, mkiuona fungueni mlango. Halafu ulichora kibakuli cha zebaki juu ya moto. Juu ya kibakuli hukuchora kitu, ukaacha ubao mtupu. Cadette akainua mkono.

"Mwalimu, na hii moshi yake iko wapi?"

"Haina rangi. Andika: hakuna kinachoonekana."

"Sasa tutajua je kama iko?"

"Utajua siku ya mtihani, Cadette."

Tulicheka sana, na kengele ikalia. Hukurudi tena kwenye ubao ule mtupu. Mwaka uliofuata ulitoka Kasongo.

Mjomba, nyumba ya Papa Iliasi, anaponunua dhahabu na mimi ni karani wake, ni somo lako lilelile, ila hapa vitu ni vya kweli. Wachimbaji wanaleta dhahabu ikiwa imeshikana na zebaki, donge moja la rangi ya fedha. Kabla ya kupima, donge linawekwa kwenye kibakuli juu ya mbabula ya makaa mpaka zebaki yote itoke na dhahabu ibaki peke yake. Kazi hiyo inafanywa katika chumba kidogo nyuma ya meza yangu. Baadaye dhahabu inaoshwa kwa asidi, na hapo ndipo wingu la kahawia linapanda. Wakiliona, wote wanakohoa, wanafungua mlango na dirisha, wanatoka nje. Lakini wakati wa kuchoma zebaki mlango unafungwa kwa komeo, kwa sababu Papa Iliasi hataki upepo wala macho ya watu. Tunakimbia kile tunachokiona, na kile tusichokiona tunajifungia nacho.

Nasema "tunajifungia" kwa sababu na mimi nilikuwemo. Mvua zilizopita, bati lilipovuja juu ya meza yangu, nilihamisha karatasi zangu nikakaa mule ndani karibu na mbabula, kwa sababu palikuwa na joto na hapakuwa na moshi. Mimi, mwenye diploma ya kemia na biolojia. Niliangalia juu ya kibakuli, nikaona patupu, nikaridhika. Ndivyo nilivyofundishwa.

Aliyekuwa akichoma ni Lwamba, kijana wa kutoka Wamaza, mtu wa kanisa linalokataza hata chai. Mikono yake ilianza kutetemeka polepole. Mwanzoni ilikuwa mchezo. Kadogo, yule dereva wa pikipiki anayetuletea mizigo, alikuwa akimwuliza kila asubuhi, "Lwamba, leo unacheza ngoma ya wapi?" na Lwamba alicheka naye. Baadaye hakuweza kushika kikombe bila kumwaga. Akawa mkali bila sababu, akasahau jina la mtoto wake, akakaa chini akilia. Papa Iliasi alimrudisha kwao akawaambia watu kwamba anakunywa pombe. Watu walikubali, maana hakuna aliyekuwa ameona kitu kingine.

Mimi nilikiona baada ya yeye kuondoka. Juu ya mbabula kuna kipande cha bati kinachozuia masizi. Nilikipangusa kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa kikajaa vishanga vidogo vya fedha, vinakimbia, vinaungana, vinaanguka sakafuni. Zebaki ilikuwa imepanda hewani, imefika kwenye ubaridi wa bati, imerudi kuwa maji. Kilichoshika kwenye bati ni kidogo. Kilichobaki kilikuwa ndani ya Lwamba, na kiasi chake ndani yangu. Hilo ndilo jaribio la pili la maisha yangu ambalo naweza kuandika "tumeona".

Nilimwonyesha Papa Iliasi. Aliinama akaangalia vizuri.

"Kusanya yote, tia mu chupa," akasema. "Hiyo iko na bei."

"Papa, hii ndiyo iliyomharibu Lwamba."

"Lwamba iliharibika na pombe. Weye uko karani ao daktari?"

Nikaikusanya yote. Unanijua, naogopa. Nyuma ya nyumba hii kuna watu wenye bunduki wanaokuja kunywa chai kwa Papa Iliasi, na wanajua chumba ninacholala. Wiki nzima niliendelea kuandika hesabu zake. Kisha, Jumamosi, Kadogo akasimamisha pikipiki mbele ya mlango, na nyuma yake alikuwa amekaa Benita, vumbi la Kasongo limemjaa usoni.

Alikuwa na mfuko mmoja. Ndani ya mfuko kulikuwa na koti jeupe. Alilishona mwenyewe kwa shuka la mama, na mfukoni amedarizi jina lake kwa uzi wa buluu. Alilivaa hapohapo ili mimi dada yake niliangalie.

"Yaya, limenikaa muzuri? Mujomba alisema mu maabara hawaingie bila koti."

Nimewaza maneno mengi ya kukuandikia kuhusu koti hilo, nikayafuta yote. Litazame mwenyewe kichwani mwako.

Nilimpeleka katika kile chumba. Alitafuta meza ya chupa, akatafuta bomba la maji, akaniuliza maabara iko wapi. Nilichukua pindo la koti lake nikapangusa bati. Vishanga vikakimbia juu ya kitambaa cheupe. Nikamweleza kila kitu, juu ya Lwamba, juu ya fizi zangu, juu ya mlango. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeuka.

"Weye unakula hapa, mie unanifukuza. Unaogopa nitakunyanganya kiti."

"Ningetaka kulinda kiti changu ningekuacha uingie, uharibike kama Lwamba."

"Mujomba hawezi kunituma mahali pa kufa."

Nilitafuta neno la kukutetea, Mjomba, maana ni mdogo wangu na nilitaka aendelee kuwa na mjomba. Sikulipata. Nilimwambia tu kwamba nyumba unayoishi Bukavu ni ya Papa Iliasi, na kwamba hajawahi kukuomba kodi. Alivua koti, akalikunja, akalia kimya usiku huo mpaka usingizi ulipomchukua. Jumapili Kadogo alimrudisha Kasongo. Hakuniaga vizuri, lakini alipanda.

Jumatatu Papa Iliasi aliuliza yule mtoto iko wapi. Nilimwambia amerudi kwao. Aliweka kikombe chini.

"Mujomba wenu alinipa neno. Mutu akinipa neno, kazi inafanyika. Kama mudogo hayuko, utachoma weye."

Nilifunga daftari la hesabu nikasimama. Nilimwambia kwamba neno halikuwa langu wala la Benita, na mama yetu hakuulizwa. Neno lilitoka kwa Mwalimu Clovis, mtu aliyesoma kemia kuliko sisi sote na mwenye afya nzuri. Basi aje yeye kuchoma.

Nilifikiri atanipiga. Alicheka, Mjomba. Alisema hilo ni wazo la mutu muzima, na kwamba alikuwa tayari na safari ya Bukavu. Ameondoka jana. Huenda atakufikia kabla ya barua hii. Ukisikia mtu anabisha hodi na kuuliza kama umefunga mizigo, hatanii. Utachagua kati ya kuja huku na kutoka katika nyumba yake. Ni uchaguzi mgumu, najua. Benita hukumpa hata huo.

Mimi sitamngoja arudi. Kesho Kadogo ananipeleka Kasongo, na nguo zangu nimezifunga ndani ya mfuko wa unga ili nionekane mtu anayekwenda sokoni. Akija mtu kwako kuuliza nilipo, sema hujui. Hiyo nakuomba kama mpwa wako.

Na hili si ombi. Usimpigie Benita simu tena, si kumtafutia kazi, si kumwomba msamaha. Ukiwa na neno, mwambie mama yangu, aliyekubeba mgongoni. Ukimpigia mtoto, nitasimama mbele ya ukoo wote nyumbani Kasongo, mimi ninayeogopa hata kusoma somo kanisani, na kueleza kila mtu unalala katika nyumba ya nani na kwa malipo gani. Sitahitaji mtu wa kunisomea maneno. Safari hii nimeona mwenyewe.

Nisalimie mke wako Laura, mwambie sina kinyongo naye. Nisalimie watoto, na shangazi Emmanuella kama bado yuko kwenu. Mungu awape afya ninyi nyote, na wewe akupe usingizi ukishatubu, si kabla.

Ni mimi mpwa wako, ambaye kukupenda kumemwia vigumu wiki hii lakini hajaacha,

Emilienne